Nafasi ya Kughairi

Jirani yetu hapa Nyamirambo ana mkono mmoja, lakini ukikaa naye vizuri atakuambia anayo miwili. Wa kulia aliuacha Masisi. Bomu lilianguka karibu na nyumba, wakamfikisha hospitali kesho yake, madaktari wakaukata juu kidogo ya kiwiko. Ni zamani sasa. Ila usiku wa mvua, baridi ya Kigali ikishuka, utamsikia kupitia ukuta: "Bidole biko binaniuma." Vidole vinamuuma. Si vya kushoto. Ni vile vya kulia, ambavyo haviko. Anasema ngumi imejikaza, kucha zinamchoma kiganjani, na yeye anahangaika kuikunjua. Usiku mmoja anafaulu, ngumi inafunguka, analala. Usiku mwingine inakataa mpaka asubuhi.

Watu wamemwambia mengi. Ni mawazo tu, papa. Ni vita vimekukaa kichwani, omba Mungu utasahau. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Halafu jioni moja kijana wa nyumba ya pili alileta simu yake ikiwa na video. Mwanamke wa Kizungu amekaa kwenye kiti cha magurudumu, hasogezi kitu. Mbele yake kuna mkono wa roboti. Mkono unashika chupa ya kahawa, unaileta polepole mpaka mdomoni, anavuta kwa mrija, unairudisha mezani. Anatabasamu. Hakuna mtu aliyeshika rimoti. Anauendesha mwenyewe, kwa kujaribu kichwani mwake kusogeza mkono ambao kiharusi kilikuwa kimeuzima karibu miaka 15 nyuma. Anaitwa Cathy Hutchinson, ni Mmarekani, na habari yake ilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la sayansi la Nature.

Jirani aliiangalia mara tatu. Kisha akauliza: "Hiyo mashini ingeona mukono yangu?"

Kijana alicheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka yale niliyomwambia. Nikaenda kutafuta jibu, nikamaliza bando la wiki nzima, na jibu nililolipata limenipeleka mahali ambapo sikutegemea. Ndiyo maana naandika.

Kwanza, mkono wake. Mtu akikatwa mkono, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiutuma haifi. Inaendelea kutuma. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyetibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kwao katika karne ya 19, aliandika juu ya viungo hivi na kuvipa jina, viungo vya mzimu. Kwa hiyo wale waliomwambia jirani kwamba mkono uko kichwani tu walisema kweli bila kujua. Uko kichwani, na wangu pia unaanzia huko. Kwa mtu kama yeye wataalamu kwa kawaida hawaanzi na ubongo. Misuli iliyobaki kwenye kigutu chake bado inapokea amri, na waya zilizobandikwa juu ya ngozi zinaweza kuisikia na kuendesha mkono wa bandia. Lakini kwa aliyevunjika shingo, au aliyepigwa na kiharusi kama yule mama, amri haifiki hata kwenye bega. Inabidi uifuate ilikozaliwa.

Wanafanya hivi. Kibamba cha milimita 4 kwa 4, chenye sindano 96 nyembamba, kinapachikwa kwenye ubongo mahali panapoamuru mkono. Kila sindano inasikia seli chache zilizo karibu nayo. Ubongo una mabilioni ya seli, kwa hiyo ni kama kuweka sikio kwenye ukuta wa uwanja wa Amahoro siku ya mechi na kusikia watu mia moja hivi. Utajuaje mpira unaelekea wapi? Katika miaka ya 1980 Apostolos Georgopoulos, Mgiriki aliyekuwa akifanya utafiti Marekani, aliwasikiliza kima seli baada ya seli huku wakisogeza mkono. Akaona kila seli ina upande inaoupenda. Moja inapiga kelele sana mkono ukienda kulia, nyingine ukienda juu, na kelele inapungua kadiri mkono unavyoelekea kwingine. Hakuna seli hata moja inayojua safari nzima. Ukizijumlisha zote, kila moja kwa uzito wa kelele yake, mwelekeo unajitokeza. Mmeona uchaguzi wa kijiji hapa Rwanda, watu wakipanga mstari nyuma ya mgombea? Anayetazama kutoka mlima wa pili hahitaji kumuuliza mtu yeyote. Anaangalia mistari.

Lakini mashine haizaliwi ikijua kelele ipi ni upande upi. Inafundishwa, na mwalimu wake ni mgonjwa. Matthew Nagle, kijana Mmarekani aliyepooza baada ya kuchomwa kisu shingoni mwaka 2001, aliwekewa kibamba mwaka 2004. Mtu kama yeye anaambiwa: tazama alama inayotembea kwenye kioo, jaribu kuifuata kwa mkono wako. Anajaribu. Mkono hauendi popote, ila seli zinapiga kelele, na kompyuta inaandika kwamba kelele za namna hii maana yake ni huku. Baada ya muda inaanza kukisia yenyewe. Inakosea, yeye anajirekebisha, nayo inarekebishwa. Siku nyingine ishara zimebadilika kidogo, wanaanza tena. Kwa njia hiyo Nagle aliweza kufungua barua pepe, kubadilisha chaneli za televisheni, na kufungua na kufunga kiganja cha bandia.

Yaani hapo hakuna kusoma mawazo, hata kama watu wa simu wanapenda kusema hivyo. Kuna mtu anayejaribu kufanya jambo, na kuna wa pili amekaa pembeni anayekisia kwa haraka anachotaka, kisha anakisema kwa niaba yake.

Hapo nilishtuka. Mimi ni mkalimani. Hiyo ndiyo kazi inayolisha watoto wangu.

Wenye kuwahi kuhojiwa mnajua chumba kile. Meza, kompyuta, chupa ya maji, afisa anayeuliza kwa Kiingereza au Kifaransa, wewe unayejibu, na mimi katikati. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja hapa Kigali, nilimkalimania mama mmoja wa kwetu Kivu. Tulikuwa tumekaa saa mbili. Afisa, kijana mpole, hana kosa katika hadithi hii, aliuliza kama amani ikipatikana angependa kurudi kwao. Nikauliza kwa Kiswahili. Mama akainua mkono wa kulia kutoka kwenye paja, kiganja kikiangalia juu, ukafika usawa wa kifua, ukashuka tena taratibu. Hakusema neno.

Mimi nikasema: anasema ndiyo, amani ikirudi atarudi.

Kwa nini nilisema hivyo? Kwetu mkono ukiinuka namna ile mara nyingi maana yake ni "sasa unauliza nini, si unajua". Nimeuona kwa mama yangu mara elfu. Nilikuwa nimechoka, afisa alikuwa ananisubiri, na mkono ulikuwa umekwisha kuongea, au mimi niliusikia ukiongea. Vidole vya afisa vikacheza kwenye kompyuta.

Kwenye korido mama aliniita. "Mutoto wangu, ulimuambia nini?" Nikamwambia. Akaniangalia, wala hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. Akasema: "Nilikuwa nataka kusema, kisha nikaacha. Ni weye ulisema."

Nilirudi chumbani kuomba mstari ule ubadilishwe. Afisa aliufuta, akaandika kwamba mhojiwa hakujibu. Mambo yakaisha hapo, kwa karatasi. Sina la kulaumu ofisi. Lakini maneno ya yule mama sijayamaliza mpaka leo, na niliposoma juu ya hivi vibamba nikaona kumbe wapo watu wenye elimu kubwa, wenye maabara na fedha, wanaohangaika na kitu kilekile. Mkono uliinuka. Hilo ni kweli, ningeweza kuapa. Ishara niliisoma, na pengine niliisoma vizuri, pengine kweli alikuwa anaelekea kusema ndiyo. Kosa langu halikuwa la tafsiri. Nilichukua jambo ambalo mwenyewe alikuwa bado hajalitoa.

Kiswahili kina neno kughairi. Kwetu Kivu hatulitumii sana, mimi nililipata kwenye vitabu vya Tanzania, lakini ni neno zuri na nashangaa tulivyoliacha. Kughairi si kukataa, na si kushindwa. Ni kwamba ulikwisha kutaka, pengine ulikwisha kunyanyuka, kisha ukaacha. Anayeghairi hawi mwongo kwa kuwa alitaka kwanza. Wala huwezi kumwambia "lakini ulitaka", ukadhani umemshika.

Mwanzoni mwa 2016 watafiti wa Berlin walichapisha jaribio ambalo naliona kama limetungwa kwa ajili ya neno hilo. Watu walivaa kofia ya waya za kupima umeme wa ubongo, bila upasuaji, na chini ya mguu waliwekewa pedali. Taa ikiwa ya kijani wanaweza kukanyaga wakati wowote wanaotaka, na wakikanyaga wanashinda. Ila kompyuta ilikuwa inauvizia ubongo. Ikiona dalili kwamba mtu anajiandaa kukanyaga, inawasha taa nyekundu, na ukikanyaga kwenye nyekundu umeshindwa. Mchezo wa paka na panya, kati ya mtu na kisomaji cha ubongo wake. Ikaonekana kwamba hata ubongo ukiwa umeanza maandalizi, mtu bado anaweza kuacha. Nafasi hiyo inafungwa karibu sehemu ya tano ya sekunde kabla mguu haujaanza kusogea. Baada ya hapo mguu unaondoka, hata kama unaona nyekundu.

Wanafalsafa walikuwa wamebishana juu ya hili kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Benjamin Libet, huko California, alionyesha kwamba wimbi la maandalizi linaanza ubongoni karibu nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, wakati mtu mwenyewe anahisi ameamua sehemu ya tano tu ya sekunde kabla. Wengine wakaruka: basi hatuna hiari, ubongo unaamua sisi tunaarifiwa. Libet mwenyewe hakukubali kwenda mpaka huko. Alisema inabaki nafasi ya kuzuia. Baadaye, mwaka 2012, Aaron Schurger na wenzake wakasema hata lile wimbi huenda si uamuzi, ni mpando na mteremko wa kawaida wa ubongo usiotulia. Sitaingia kwenye ugomvi wao. Nachukua kitu kimoja: kelele ikisikika ubongoni bado si tendo. Kati ya kelele na tendo kuna mlango, mdogo sana, na mtu ndiye anayesimama mlangoni.

Sasa anayefasiri ishara anasimama wapi, upande gani wa mlango?

Si swali la hewani, maana wenye vibamba wanachagua mahali pa kuviweka. Mwaka 2013 Erik Sorto, Mmarekani aliyepooza kwa risasi, aliwekewa vibamba viwili sehemu ya nyuma zaidi ya ubongo, ambako mpango wa kusogea unapangwa kabla ya amri yenyewe kutoka. Sababu ni nzuri. Badala ya kukisia kila hatua ya njia, mashine inapata lengo, anataka kikombe, na mkono unaenda laini. Sorto aliweza kunywa bia kwa mwendo wake mwenyewe, jambo alilokuwa akilitamani. Nani atamnyima? Lakini kadiri unavyosikiliza mapema, ndivyo unavyokuta mengi ambayo mwenyewe hajayatoa. Ukisikiliza kwenye msuli, umemsikia mtu aliyekwisha kuamua. Ukirudi nyuma kwenye mpango, unaweza kuwa umemsikia mtu anayefikiria tu.

Niliwahi kuamini kwamba dawa ni rahisi: mashine iulize kwanza. Una uhakika? Bonyeza ndiyo. Nikamwambia jirani, akanicheka. Alikunja mkono wake wa kushoto na kuukunjua mbele ya uso wangu. "Huu unauliza?" Na ana haki. Mkono unaouliza kila mara si mkono, ni ofisi. Mtu aliyekaa miaka 15 akinyweshwa na wengine, akisubiri wengine waelewe kama ana kiu, hamtaki afisa mwingine tena wa kumuuliza kama kweli ana kiu. Anataka kitu kinachomwamini. Tena mkono wangu wa nyama nao unanipa sehemu ya tano ya sekunde tu, kisha unaondoka, na nimeshavunja vikombe vingi. Hutchinson alijaribu mara sita kunywa ile kahawa. Nne zilifaulu, mbili zilikatizwa kwa usalama. Hakuna aliyesema yeye ni mzembe. Kwa hiyo siwezi kudai mashine iwe na hekima ambayo mwili wenyewe hauna.

Ila kuna tofauti moja ambayo jirani hakuiona mara moja, nami nilihitaji siku kadhaa kuiona.

Mkono wa nyama ukighairi, hakuna anayejua. Niliinuka nikupige, nikaacha, habari imekufa hapohapo ndani yangu. Haina faili. Kompyuta inayosikiliza seli hairekodi tu mikono iliyoinuka. Inarekodi kila kitu, kwa sababu ndivyo inavyojifunza. Ile kelele ya tendo uliloliacha nayo imo, ina tarehe, ina saa. Kwa mara ya kwanza jambo ulilolighairi linaweza kukaa kwenye rekodi ya mtu mwingine.

Rafiki yangu Mwislamu wa Biryogo aliniambia kwao wanafundishwa kwamba aliyekusudia baya kisha akaliacha kwa ajili ya Mungu haandikiwi dhambi, huandikiwa jema. Kanisani kwetu wanatukaba zaidi, hata la moyoni unaliungama. Tulibishana kidogo juu ya chai. Lakini tulikubaliana kwamba katika dini zote mbili anayeshika daftari hilo ni Mungu, na hajawahi kulitoa kwa ofisi yoyote.

Sisi wakimbizi tunajua maana ya daftari. Tumetoa vidole kumi na mboni mbili, wenye vidole vitano wametoa vitano. Sisemi ni vibaya, bila hivyo wangeandikishwa watu hewa na chakula kingeishia kwa wajanja. Kidole ni kidole, hakina cha kughairi. Lakini tunajua pia kwamba neno likishaingia kwenye faili linatembea bila wewe. Linafika nchi ambayo hujafika. Mtu anakusoma kabla hajakuona. Ndiyo maana neno hiari kwetu ni zito. Agosti 2020, mabasi yalipoanza kurudisha Warundi kutoka Mahama, kurudi kulikuwa kwa hiari, na hiari maana yake ni kwamba mtu anaweza kuandika jina Jumatatu na kulifuta Alhamisi, na asiulizwe "lakini si ulitaka?"

Sheria zimeanza kuliona. Oktoba 2021 Chile ilibadilisha katiba yake ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zinazotoka humo, na mwaka 2023 mahakama yao ya juu iliiamuru kampuni moja ifute taarifa za ubongo za mtu aliyetumia kifaa chake cha kichwani. Mwezi huohuo wa Oktoba 2021 Rwanda ilitoa sheria yake ya kulinda taarifa binafsi, namba 058/2021, na ndani yake mtu ana haki ya kuondoa ridhaa aliyoitoa. Nafurahi. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili mnatuletea fomu za ridhaa kila msimu, na mstari wa kujitoa wakati wowote upo, mimi nimeutafsiri mara nyingi mpaka naweza kuusema usingizini. Lakini mstari ule unahusu ridhaa niliyoitoa kwa sahihi yangu. Unaniruhusu kurudisha nilichosema. Yule mama wa korido hakuwa na cha kurudisha. Hakuwa amesema.

Kwa hiyo nafikiri ombi langu ni hili, kwa wenye mashine na kwa sisi wenye kazi ya midomo: lisilotolewa lisihesabiwe. Ukilisikia kwa bahati mbaya, kwa kuwa sikio lako ni kali, lipite. Mimi tangu siku ile mkono ukiinuka chumbani nauelezea ulivyo. Nasema: ameinua mkono, ameushusha, hajasema. Maafisa wengine wanachoka na mimi. Mmoja aliniambia nalipwa kutafsiri, si kutangaza mpira. Tulicheka wote, lakini niliendelea.

Sitaki mdhani jirani alichukua haya yote kama mimi. Yeye aliuliza maswali ya mtu mzima. Mkono wa bandia anao, umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, unamtoa jasho na hauna kazi ila siku za harusi. Hapa nchini kazi ya viungo bandia ina historia ndefu, Gatagara ilianzishwa na padri Fraipont mwaka 1960, na karakana ya Mulindi Japan One Love imewapa watu miguu na magongo hapa Kigali tangu 1997. Jirani anaheshimu kazi hiyo kwa sababu mguu wa aina hiyo ukivunjika, fundi yupo. Aliniuliza: kile kibamba kikiharibika, fundi yuko wapi? Na mradi ikiisha? Nikamsimulia Ian Burkhart, Mmarekani aliyevunjika shingo, aliyewekewa kibamba mwaka 2014 akaweza kufungua na kufunga kiganja chake mwenyewe maabara, hata kushika chupa na kumimina. Mwaka 2021 kifaa kikatolewa kwa sababu ya maambukizi. Jirani alikaa kimya muda mrefu. Mlioko Mahama na Kiziba mnakijua kimya hicho. Tumewahi kupewa vitu vingi vizuri kwa miezi 18.

Halafu akaniambia jambo ambalo ameniruhusu niliandike.

Kuna mtu anamwona mara mojamoja sokoni. Anafanana na mmoja wa wale waliokuwa na bunduki siku ile. Pengine ndiye, pengine siye, na jirani hajawahi kuuliza wala hatauliza. Ni mtu wa kawaida, ana nyanya zake, anasalimia watu. Kila akimwona, ile ngumi ya kulia inajikaza yenyewe, mkono mzima unainuka kutoka begani, anausikia ukienda. Na kila mara anaurudisha. "Nimemupiga mara mingi," aliniambia, "na hajawahi kupigwa." Anasema mkono ule uliokatwa ndio umemsaidia kuishi na watu, kwa sababu una mahali pa kwenda na haufiki. "Sasa weye unataka niupe mashini?"

Nilimuuliza kama anaona ni dhambi. Akasema anajua Mungu ameziona zote, moja moja, na ameona pia zilivyorudi.

Juma lililopita nilikuwa naye Kimisagara, tunatafuta mkaa. Yule mtu wa nyanya alikuja upande wetu, akatabasamu, akanyoosha mkono wa kulia kama watu wote. Nilikuwa nimesimama karibu na jirani kuliko siku zote, na kwa kuwa sasa najua pa kutazama, nilitazama bega. Shati lilivutika kidogo, likatulia. Akatoa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutoa wa kushoto, wakasalimiana.

Yule mtu aliniuliza baadaye, tulipokuwa tunapima mkaa, kama mzee wangu alitaka kumwambia kitu. Nikamjibu kwamba hajasema.